Mchimbaji Hanusi

Mikumi,
20 Agosti 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limetulia. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Raheli amejifungua salama Morogoro, mtoto wa kike, na wamempa jina lako. Ila wanamwita Yuni, sijui herufi ya mwisho imewakosea nini. Mgahawa unakwenda vizuri. Malori yanayotoka Iringa yanaegesha kwetu saa sita, na mimi na Editha, yule binti ninayepika naye, hatupati nafasi hata ya kukaa.

Najua simu huisikii vizuri, na Filipo, dereva wa gari la huko kwenu, nikimtuma kwa mdomo anafikisha nusu ya maneno, nusu nyingine anaitunga mwenyewe humo humo kwenye gari. Ndiyo maana naandika.

Juzi dereva mmoja alikula maharage yangu akaweka kijiko chini. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Mama, yana kila kitu, lakini hayana kitu." Nilicheka, ila maneno yale yamekaa na mimi. Nimekumbuka maharage ya baba. Unakumbuka vile vitunguu vidogo vya miambani alivyokuwa akishuka navyo kutoka kwako Vidunda, amevitia mfukoni mwa koti? Nilikuwa sijaanza shule. Alikuwa ananifumbisha macho, ananisogezea kimoja puani kwa kijiti, ananiambia, "Nusa, mama." Nikisema kitunguu, anacheka, anakitia chunguni. Mchezo ule niliupenda kuliko chakula chenyewe.

Tangu baba afariki ni miaka sita, na sijaonja tena. Nataka nivipande nyuma ya jiko, nipike kama yeye alivyopika. Nakuomba unitumie hata vitatu, au uniambie vinapoota nije mwenyewe. Na unieleze vinavyopandwa na kuliwa, maana wewe na baba ndio mliokuwa mnavijua.

Mimi mwanao,
Vaileth


Vidunda,
9 Septemba 2023

Mwanangu Vaileth,

Marahaba. Mimi ni mzima, goti ndilo linaloumwa, mimi nalisindikiza tu. Mwambie Raheli nimefurahi mno, lakini jina langu ni Yunis, nami nalitaka lote. Nyani wamemaliza mahindi ya bondeni. Padri ametangaza harambee ya paa la kanisa, na nyani hao hao wamekaa juu ya paa hilo wakati anatangaza.

Haya, tuje kwenye kitunguu chako. Mwanangu, nimefundisha sayansi miaka thelathini na mbili na kitu hiki bado kinanishinda. Mwezi huu moto umepita mlimani, mwamba umeungua mpaka umekuwa mweusi, ukiukanyaga bila viatu utalia. Huwezi kuamini kuna kinachoishi humo. Mvua ya kwanza ikinyesha, siku ya nne ukipanda utakuta majani mabichi yametoka kwenye ufa usioingia hata kidole. Halafu kuna hili: mbegu yake huangukia juu kabisa, lakini kila mwaka mizizi yake hujikunja na kukivuta kitunguu chini kidogo, mpaka kinafika mahali moto haukifikii. Kinajizika chenyewe, kikiwa hai. Niliwahi kulieleza darasa la sita jambo hilo nikashindwa kumaliza, ikabidi nitoke nje nisimame kidogo.

Sasa sikiliza. Kinapandwa kikiwa kimelala, majani yakishakauka. Inua tuta, changanya mchanga na kokoto, usitie samadi, maana kimezoea umaskini na ukikishibisha kitaoza. Shingo ichungulie juu ya udongo, kujizika kitajizika chenyewe. Maji yasituame. Majani hutangulia, kisha ua, nalo ni kama mwavuli mdogo. Mwaka wa kwanza usikiguse. Mwaka wa pili kata majani, uache matatu. Mwaka wa tatu ndipo unachimba, na utakuta kimezaa. Mkubwa unachukua, mtoto unamrudisha kwenye shimo lile lile na kumshindilia kwa kidole gumba.

Majani katakata utie kwenye mlenda unapokaribia kuepua. Kitunguu chenyewe kitwange na chumvi, utie kwenye maharage yakishaiva. Usikikaange, mafuta yanaua harufu.

Kukutumia siwezi. Mimi sichimbi. Tangu baba yako Donati afe sijachimba na usiniulize. Lipo jambo lingine moja, hilo tutaongea ukija.

Mungu akulinde,
Shangazi yako Yunis


Mikumi,
8 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima, isipokuwa Editha ana homa kidogo, anatapika, tangu jana hayupo kazini. Itapita.

Shangazi, nimevipata! Nilikwenda Kidete kwenye harusi ya Kelvin, mtoto wa mama mdogo. Tangu alfajiri tulikuwa wanawake kumi na wawili tunamenya vitunguu vya pilau, magunia mawili, tukilia kama tumefiwa. Walipoanza kuinjika nikatoka kupunga upepo, nikapanda kilima kilicho upande wa juu wa reli, pale unapouona mto Mkondoa unavyokata kona. Nyasi zilikuwa zimeungua. Kwenye nyufa za mwamba nikaona shingo zimechungulia, kavu, za kahawia. Nikachimba kwa kijiti. Nikanusa, ikawa harufu yenyewe. Nilikaa chini pale nikalia kweli, safari hii si kwa kumenya. Nimechukua saba.

Vinne nimevipanda kama ulivyonielekeza. Vitatu niliviweka juu ya rafu ya jikoni, karibu na redio, nikavisahau. Sasa nisikilize wewe mwalimu wa sayansi. Kimoja kimetoa bua. Hakina udongo, hakina tone la maji, kiko juu ya ubao mkavu kwenye joto hili la Oktoba, na bua limepanda mpaka limepita redio, limepita kalenda, jana limegusa bati. Na saa kumi na moja jioni maua yakaanza kufunguka, meupe yenye mstari wa kijani, kutoka chini kwenda juu, moja baada ya jingine. Madereva waliacha chakula wakaja kusimama mlangoni. Mzee mmoja wa Njombe alivua kofia. Nikajiuliza, chakula chake kinakitoa wapi? Kinakula nini, Shangazi? Kinajila chenyewe?

Ulisema majani hutangulia, na huyu wangu kaanza na ua. Nadhani ni joto la Mikumi.

Nitakuandikia nikishapika.

Mwanao,
Vaileth


Vidunda,
11 Oktoba 2023

Vaileth,

Sina salamu leo. Filipo amegeuza gari ananisubiri.

Usipike. Hicho ulicho nacho si kitunguu cha baba yako. Kinachotoa ua bila majani, bila udongo, ni kingine, na ni sumu. Ng'oa na vile vinne ulivyopanda, tia vyote kwenye shimo refu, nawa mikono kwa majivu. Nimemwambia Filipo akupigie mara tu atakapopata mtandao, na nimemkataza kutunga hata neno moja.

Homa gani ya Editha? Anatapika, lakini mwili wake ni wa moto kweli? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kama amekula, chukua kimoja umpelekee daktari akione kwa macho. Usione aibu. Aibu itapona.

Yunis


Mikumi,
3 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Najua umengoja barua hii mwezi na zaidi. Utasema ni mvua, na kweli njia ya kwenu ilikatika, lakini kabla haijakatika Filipo alipanda mara tatu na mimi nilijificha asinione. Editha ni mzima. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki.

Nilikuwa nimeshapika nilipokuandikia. Si kwa wateja, ashukuriwe Mungu, ni sufuria ndogo yetu wawili. Kimoja cha rafuni nilikitwanga na chumvi kama ulivyosema. Kijiko cha kwanza kilikuwa kichungu, nikatema. Nikasema labda vinahitaji kuzoewa. Editha hakutema. Nilishamweleza habari za baba na mfuko wa koti, na nadhani hakutaka kunivunja moyo. Alimaliza sahani, Shangazi. Kwa heshima tu.

Hospitali walisema malaria, wakapima, haikuwa malaria. Mikono ilikuwa ya baridi. Daktari alikuwa anamshika kifundo cha mkono, anatazama saa, anatikisa kichwa, kwa sababu moyo ulikuwa unapiga polepole mno, unasimama kidogo kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Walipouliza alikula nini nikasema maharage. Siku nne nilisema maharage. Filipo aliponipigia alisema maneno manane tu, nikayahesabu baadaye. Nilikimbia kutoka sokoni mpaka wodini na kile kitunguu kwenye mfuko wa plastiki, nikamwekea daktari mezani nikamwambia ni hiki, na mpishi ni mimi. Baada ya hapo walijua wanapambana na nini. Alitoka siku ya kumi na moja.

Mama yake alikuja kutoka Kidodi. Hakunitukana. Alinitazama tu, na afadhali angenitukana.

Sasa niambie. Mimi nilinusa. Naapa mbele ya Mungu nilinusa kitunguu pale mlimani. Pua yangu ilinidanganya vipi? Na lile jambo moja uliloacha lilikuwa jambo gani?

Vaileth


Vidunda,
18 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua imetuonyesha cha moto, ukuta wa choo umeanguka, lakini tupo. Barua yako imenifikia imelowa, nimeianika juu ya jiko nikaisoma kipande kipande.

Ningekuwa mtu wa kawaida ningekwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu mwenyewe hakusema. Nilikuandikia mambo kumi nikaacha moja, na hilo moja ndilo lililompeleka Editha wodini. Kosa ni langu. Wewe ulifuata ulichopewa.

Pua yako haikukudanganya. Ilinusa mikono yako. Magunia mawili ya vitunguu vya pilau, mwanangu! Siku ile hata jiwe la reli ungelichukua mkononi lingenuka kitunguu.

Nitakueleza ninajuaje. Huna habari kwamba sisi tulizaliwa watatu. Baba yako alikuwa wa pili, mimi wa kwanza, na wa mwisho aliitwa Monica. Mwaka wa njaa nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa kitandani. Nilipanda mwambani asubuhi, nikachimba vitunguu vingi vya kweli, kila kimoja nikikinusa kabla ya kukitia kikapuni, kama tulivyofundishwa. Cha mwisho kilitoka kwenye ufa ule ule, kinono kuliko vyote. Nikanusa, kitunguu. Niliporudi nikavichoma kwenye majivu, na kile kinono nikampa Monica, kwa sababu ndiye mdogo na ndiye aliyekuwa analia. Alikuwa na miaka mitatu. Alisema kichungu. Nikamwambia kula.

Alifariki kesho yake saa tisa mchana.

Baba hakunipiga. Alikaa juu ya kinu siku nzima. Jioni akatuita mimi na Donati, akasema, "Tangu leo, mchimbaji hanusi." Ikawa sheria ya nyumba yetu. Mimi ninachimba, Donati anakaa pembeni mikono ameitia kwapani asiguse hata jani, halafu anafumba macho nami namsogezea kwa kijiti. Akisema kitunguu, kinaingia kikapuni. Akinyamaza, kinatupwa. Aliponyamaza mara ya kwanza nilikitazama kile alichokikataa, sikuona tofauti yoyote. Mpaka leo macho yangu hayaioni kikiwa kimelala. Mungu aliumba viwili, akavivika nguo moja, akavilaza kitanda kimoja, na akaweka mpaka kwenye pumzi ya mtu wa pili. Zaidi ya miaka hamsini tulifanya hivyo mimi na ndugu yangu. Alipokufa, pua yangu ya nje ilikufa naye. Ndiyo maana sichimbi.

Na ule mchezo wenu. Donati akishavibeba mfukoni, mikono yake ilikuwa imeshanuka, na huenda cha sumu kilikuwa kimetupenya mwambani. Alihitaji mtu mwingine msafi. Hukuwa unachezeshwa, mwanangu. Ulikuwa unaulizwa.

Mpe Editha na mama yake salamu za aibu kutoka kwangu.

Yunis


Mikumi,
10 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa chini jikoni, na Editha akaisoma baada yangu. Amerudi kazini tangu Januari. Alipofika kwa Monica akaniambia, "Mwambie bibi mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, ningeweza kutema." Ndivyo alivyosema, nami nakufikishia bila kutunga.

Lile ua nililitia shimoni kama ulivyoniamuru. Nilidhani nitalichukia. Sikuweza. Kabla sijafukia nilisimama nikalitazama, bado lilikuwa linafungua maua ya juu, kwa wakati wake, kama hakuna lililotokea. Nililiogopa kama mtu anavyoogopa radi, na radi nayo sijawahi kuichukia.

Miaka ile yote nilidhani baba ananichekesha. Kumbe alikuwa anaweka maisha ya nyumba nzima puani mwangu na mimi sijaanza hata shule.

Chimba, Shangazi. Mimi nitanusa.

Vaileth


Vidunda,
29 Juni 2024

Mwanangu Vaileth,

Nakusalimu. Mvua zimekwisha, majani yamekauka, vimelala. Jana nilipanda mwambani na fimbo mbili na goti moja. Njia bado inanijua.

Nimechimba vitatu, watoto nimewarudisha shimoni kwa kidole gumba. Nimevifunga kila kimoja kwenye jani lake la mgomba, visigusane. Filipo hajavigusa, anabeba kikapu kwa mpini.

Sikunusa.

Shangazi yako


Mikumi,
7 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Raheli amekuja na mtoto, sasa wanamwita Yunis yote, amesema nikwambie.

Kikapu kilifika Jumatano. Nilikiacha juu ya meza mpaka Ijumaa. Siku zote hizo vitunguu vya jikoni alimenya Editha peke yake, mimi nikapika ugali na chai tu. Ijumaa asubuhi nikanawa kwa majivu, mara mbili, nikaenda kukaa nje upande upepo unakotoka. Nilimwomba Raheli afungue majani na anisogezee, kwa kijiti. Nikatia mikono kwapani. Nikafumba macho. Madereva wawili walikuwa wanatazama, nadhani walidhani tunaomba, na sikuwaona wamekosea sana.

Cha kwanza kilinifikia kabla Raheli hajasema tayari. Shangazi, alikuwa ni baba. Lilikuwa koti lake, na moshi wa jiko la zamani, na kidole chake chenye mkwaruzo. Nilisema kitunguu, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu wa miaka arobaini na miwili.

Cha pili ni kitunguu.

Cha tatu nilingoja. Nikamwambia asogeze. Akasema ameshasogeza, kimenigusa mdomo. Nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakikuwa na kitu. Kilinuka udongo na jani la mgomba.

Sijui kama ulinipima, na sitakuuliza. Nimekitia shimoni. Viwili nimevipanda kwenye tuta la mchanga na kokoto, shingo imechungulia, na sitavigusa mpaka mwaka wa tatu. Editha ndiye aliyemwaga mchanga.

Mwanao,
Vaileth


Vidunda,
13 Julai 2024

Mwanangu Vaileth,

Nakusalimu pamoja na Yunis mwenzangu.

Sikukupima. Nilikosea.

Nilivichimba vyote vitatu kwenye ufa mmoja, nikavitazama vizuri, mwalimu mzima, nikaona ni vya kweli. Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya nne nilitoka nje nikasimama, kama siku ile ya darasa la sita.

Ufa ule una vingine vingi, nami bado nina mikono. Filipo anapanda Jumamosi ijayo. Panda naye, na Ijumaa vitunguu vya jikoni mwachie Editha.

Shangazi yako,
Yunis